Wiki Kumi na Nane

Tangu Jumapili ile mama alipoirudisha posa ya Muhiddin, mimi sikukaa kitako. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda. Nilikuwa nashuka ngazi kuangalia kama mlango wa mbele umefungwa, nakuta umefungwa, narudi chumbani, halafu nashuka tena. Mama alikuwa ananisikia na haulizi. Hilo la kutouliza ndilo lililonichemsha damu, maana mama yangu, Bi Jokha, ni mwanamke wa kuuliza bei ya bamia mara tatu kwa muuzaji mmoja pale soko la Walthamstow, hapa London, kisha akaondoka bila kununua.

Posa ilirudishwa kwa adabu, sikatai. Shangazi yake Muhiddin, Bi Mwatima, alitoka Rayners Lane, upande wa pili wa mji, na kubadilisha treni mara mbili, kavaa buibui jipya juu ya koti la baridi, na sinia kalifunga kwa kitambaa cha hariri. Akanyweshwa chai, akalishwa sambusa, akaulizwa habari za miguu yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kijana wenu hana kasoro, Bi Mwatima. Lakini kwangu hatooa." Akamwongezea chai. Sababu hakutoa, si kwake wala si kwangu, na nilipomfuata jikoni na machozi yangu akanambia nishike kitambaa nikaushe vikombe.

Ningemwelewa kama Muhiddin angekuwa mlevi au mwenye mke wa siri huko Dubai. Lakini Muhiddin ni mfamasia katika duka la dawa la Mzee Mahendra, na wazee wa kutoka Mombasa na Kampala wanakuja mpaka kutoka Queensbury kupanga foleni yake, wakimwacha Mzee Mahendra mwenyewe kasimama bure, kwa sababu kijana huyu anawaelezea vidonge vyao kwa Kiswahili na hawaharakishi. Ana tabia moja iliyonimaliza. Ukizungumza anakutazama usoni mpaka umalize, na ukishamaliza anangoja kidogo, labda bado una neno. Kwa mwanamke aliyelelewa na Bi Jokha, kungojwa amalize neno lake si jambo dogo. Nilimpenda kwa hilo kabla sijajua hata jina la baba yake.

Basi tukapanga. Baba yangu ameshafariki, na walii wangu wa kuniozesha ni ami yangu aliyeko Dubai. Nilimpigia simu nikamlilia, naye akasema: mama yako akitoa sababu ya maana kabla ya Ijumaa kwisha, nitamsikiliza, asipotoa, Jumamosi natua Heathrow na Jumapili nakuozesha. Mama nilimwambia waziwazi. Alikuwa anakunja nguo. Alikunja shuka ile ile mara mbili, akasema, "Ami yako hajui kitu," akaenda zake kuswali.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi.

Nifanye haraka kueleza kazi yangu, maana watu wengi wakisikia hucheka. Mimi nasoma makaratasi ya Waholanzi wa miaka mia tatu na zaidi iliyopita. Nilisoma Leiden, huko huko Uholanzi, miaka miwili, nikajifunza ule mwandiko wao unaofanana na nyuzi zilizochanganyika, na sasa nimeajiriwa katika chuo kimoja hapa London kutafuta nani alikuwa ndugu ya nani katika mji wa Amsterdam na nani alimkopesha nani. Mambo hayo mawili kwao yalikwenda pamoja. Mtu alimdhamini shemeji yake, mjomba alishika mali ya yatima, na mwisho wa mwaka akatakiwa aandike kila senti aliyoitumia.

Muhiddin aliwahi kuniuliza ninawezaje kuwajua watu waliokufa zamani namna hiyo.

"Nafuata fedha," nikamwambia. "Watu wanaficha ndoa, wanaficha watoto. Lakini mtu akishatoa hela yake mfukoni, lazima ataandika."

"Na mimi baada ya miaka mia tatu utanijua kwa nini?"

"Kwa risiti za viatu."

Alikuwa na jozi tisa, na aliona haya kweli kweli.

Asubuhi ya Alhamisi hiyo nilijiona hodari. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa chumvi ambaye katika wasia wake alimwachia fedha nyingi mwanamke fulani na kumwita dada yangu. Wataalamu walionitangulia walimchora mwanamke yule katika ukoo wake, wakazunguka nao miaka bila kumpata mama wa wawili hao. Mimi nikaipata hesabu ya walezi wa mfanyabiashara huyo alipokuwa yatima mchanga: wiki ishirini na sita, kila wiki malipo kwa mke wa fundi mapipa, kwa kumnyonyesha mtoto. Yule dada alikuwa binti wa mnyonyeshaji. Ndugu wa kunyonya. Nilicheka peke yangu mbele ya mashine, nikifikiri kwamba hawa wangemwita tu mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani Zanzibar angewaambia mapema. Tofauti ni kwamba kwao wawili hao wangeweza kuoana na mji ukala karamu. Kwetu sisi mtoto akishanyonya kwa mwanamke mara tano za kushiba, kabla hajatimiza miaka miwili, ameshakuwa mtoto wa mwanamke yule, na watoto wote wa mwanamke yule ni ndugu zake, waliozaliwa kabla na watakaozaliwa baadaye. Ndoa haipo tena hapo.

Saa saba mchana Muhiddin alikuja. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, jambo ambalo halifanyi, na alikuja na mfuko wa plastiki ameukumbatia. Tulikaa kwenye benchi nje ya chuo. Akanambia shangazi Mwatima amekumbuka jambo. Yeye mwenyewe mwaka sitini na tano alikuwa bado Unguja, lakini marehemu kaka yake, Mzee Msabaha, baba yake Muhiddin, alimwandikia wakati ule kwamba wamepanga nyumba moja na Wazanzibari wengine waliokimbia mapinduzi. Mke wa mpangaji wa chumba cha juu jina lake Jokha.

"Walikaa nyumba moja, Mwanamwema," akasema. "Miaka thelathini mama yako hajawahi kusema kama anawajua wazee wangu. Kuna kitu. Nadhani baba alimdhulumu."

"Baba yako alikuwa dhalimu?"

"Sijui. Mama alikufa nina miaka tisa, na baba hakuwa msemaji. Lakini alikuwa anaandika." Akaniwekea mfuko mapajani. Ndani mlikuwa na madaftari manne yenye jalada jekundu. "Ni Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, mimi sijui kusoma. Wewe unajua. Kama kuna deni, nitafutie. Nitalipa mara mbili, na nitakuja kumpigia magoti."

Nikamwambia asipige magoti kabla sijasoma. Tukakubaliana aje nyumbani saa kumi na mbili jioni akitoka kazini, na lolote nitakalokuta tutamwekea mama mezani. Akaondoka. Alipofika barabarani aligeuka kunitazama, na mimi nilikuwa nimeshageuka kumtazama, tukacheka wote wawili kwa kukamatana.

Sikwenda kula. Nilirudi mezani kwangu, nikasukuma Waholanzi pembeni, nikalifungua daftari la kwanza. Kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu nilifundishwa na mama mwenyewe, nina miaka saba, kwenye meza ya jikoni. Mwandiko wa Mzee Msabaha ulikuwa mzuri, mwandiko wa karani wa serikali aliyeachishwa kazi ghafla na asiyetaka mkono wake usahau. Kodi ya chumba, pauni mbili. Makaa, shilingi kumi na mbili. Nauli ya basi kwenda hospitali kumwona mke wangu. Nauli ya basi. Nauli ya basi.

Kisha, Ijumaa moja ya Shaaban: Bi Jokha, ujira wa kumnyonyesha mwanangu Muhiddin, wiki ya kwanza, shilingi thelathini.

Niliisoma mara moja tu. Macho yangu yamezoea, siwezi kujidanganya kwamba nimesoma vibaya. Nilifunua ukurasa. Ijumaa iliyofuata, shilingi thelathini. Ijumaa nyingine. Nikahesabu kwa kidole kama ninavyohesabu kila siku kazini, na nilipofika mwisho nikaanza tena, kwa kuwa ndiyo kazi yangu kuhakikisha. Zilikuwa wiki kumi na nane. Mara tano zingetosha, na hizi zilikuwa wiki kumi na nane.

Nitasema ukweli kwa sababu sina wa kumficha tena. Jambo la kwanza nililofanya ni kutazama nani yuko karibu. Hapakuwa na mtu. Karatasi zile zilikuwa nyepesi, na uzi wa daftari ulishalegea. Shangazi Mwatima macho yake hayasomi tena, na mwengine katika ukoo wa Muhiddin hapa London anayejua kusoma herufi zile hayupo. Mama angeendelea kunyamaza kama alivyonyamaza miaka thelathini, ami angetua Jumamosi, na mimi Jumapili ningekuwa mke wa Muhiddin. Nilishika kurasa zile kwa vidole viwili. Nilizishika muda mrefu. Nilijiambia kwamba maziwa ni maziwa tu, kwamba mimi sikuwa hata nimezaliwa, kwamba Mungu ni mwingi wa rehema. Halafu nikamfikiria yeye akinitazama usoni, akingoja kama bado nina neno, na mimi ninalo, na silisemi, siku zote za maisha yangu. Nikaliweka daftari mfukoni nikaondoka bila kuaga.

Treni ilikuwa na viti vitupu na mimi nilisimama njia nzima mpaka kituo cha mwisho.

Mama alikuwa jikoni anachagua mchele. Mchele wa London hauna kokoto hata moja, unatoka dukani safi, lakini yeye huumwaga kwenye ungo kila siku na kuuchagua. Nililiweka daftari juu ya meza, nikalifungua pale pale. Aliinama, akasoma. Mkono wake ukasimama juu ya mchele.

"Msabaha aliandika," akasema taratibu. "Aliniahidi haandiki."

"Mama, ungeniacha mpaka lini?"

"Ningesema kesho."

"Ami anakuja Jumamosi!"

"Ningesema kesho, Mwanamwema. Kila siku nilikuwa nasema kesho." Akavuta kiti akakaa. Mama yangu hakai kitini jikoni, jikoni kwake ni pa kusimama. "Hebu kaa na wewe. Unanizungusha kichwa."

Nikakaa. Na hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa na kaka kabla yangu. Alizaliwa Novemba, London, katika baridi asiyoijua mtu wa kwetu, akaishi siku tisa. Baba alimzika na watu watatu. Mama alirudi kwenye chumba cha juu na kifua kimejaa, na chini yake, katika chumba cha Mzee Msabaha, kulikuwa na mtoto wa wiki mbili analia usiku na mchana. Mama yake alikuwa hospitali, mapafu, haruhusiwi kumgusa. Chupa mtoto aliikataa. Mama yangu alisema alivumilia kilio kile siku mbili. Siku ya tatu maziwa yalimtoka yenyewe, yakalowesha nguo, akashuka ngazi.

"Si jambo la aibu hilo, Mama. Ni thawabu."

"Kunyonyesha ni thawabu. Mimi nilichukua pesa." Alisema neno hilo kama anatema. "Baba yako alikuwa hana kazi. Tulikuwa tunakula mkate na chai. Msabaha aliziweka juu ya ngazi Ijumaa, hakunipa mkononi, alikuwa muungwana. Nikaziokota. Kwetu Unguja, Mwanamwema, wanawake walionyonyesha kwa ujira walikuwa wakiingilia mlango wa uani. Bibi yako alikuwa nao. Na mimi binti yake nikaokota shilingi thelathini juu ya ngazi, mara kumi na nane. Baba yako nilimwambia nashona. Amekufa anajua nashona."

"Na mama yake Muhiddin?"

"Alirudi mzima, akamchukua mwanawe. Alilia, akanibusu mikono, na mwezi haukwisha wakahama. Hakutaka kuniona. Nami sikumlaumu. Mtoto alikuwa akimwona yeye analia, akiniona mimi ananyamaza."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuja na hasira ya njia nzima, nimeipanga vizuri, na sasa sikujua niiweke wapi. Nilimwuliza kwa nini basi hakuniambia siku ya kwanza, nilipolitaja jina la Muhiddin hapa hapa jikoni, kabla sijazama.

"Mficha uchi hazai," akajibu. "Mimi nimezaa, na nikaendelea kuficha. Nilidhani nikikataa tu itatosha. Nilidhani utanichukia mwaka mmoja kisha utapata mwengine. Kuchukiwa na wewe nilikuweza. Kujulikana sikukuweza." Akanitazama. "Nisamehe, mwanangu."

Mama yangu hajawahi kuniomba msamaha kwa kitu chochote. Nilisogeza ungo nikaanza kuchagua mchele usio na kokoto, na yeye akachagua upande wake, na tukalia hivyo hivyo bila kutazamana.

Saa kumi na mbili kengele ikalia. Nilisimama, mama akanishika bega akanikalisha. "Hili ni langu," akasema, akaenda kufungua mwenyewe.

Muhiddin aliingia na maua, maskini, maua ya kumpa mama. Alimwamkia shikamoo, akaniangalia, akaona uso wangu, akayaweka maua mezani polepole. Mama alimwambia akae. Hakuzunguka. Alimwambia kilio, ngazi, wiki kumi na nane, shilingi thelathini. Alipotaja pesa sauti ilimkatika lakini alizitaja. Muhiddin hakumkatiza. Alimtazama usoni mpaka amalize, na alipomaliza akangoja kidogo, kama desturi yake.

"Ndiyo hivyo," mama akasema. "Sina zaidi."

Nilimwona Muhiddin akifungua mdomo na kuufunga. Nilijua anatafuta njia, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeitafuta kwenye treni kituo hadi kituo, na nilijua haipo. Alipofika mwisho wa kutafuta akamgeukia mama.

"Yule mtoto wako," akasema mwishowe. "Aliyekufa. Aliitwa nani?"

Mama hakutegemea. Miaka thelathini hakuna mtu aliyemwuliza, hata mimi mwanawe nilikuwa sijauliza. "Muhsin," akasema.

"Nilinyonya maziwa ya Muhsin."

"Ndiyo, baba. Na uliyamaliza."

Muhiddin akainama, akauchukua mkono wa mama akaubusu, akaweka paji la uso wake juu yake, akabaki hivyo. Mama alimwekea mkono mwengine kisogoni, pale mtoto mchanga anaposhikwa, bila kufikiri. Mimi nilitazama dirisha. Nilimwonea wivu mama yangu, Mungu anisamehe, kwa sababu yeye alikuwa amempata yule ambaye mimi nilikuwa nampoteza, katika dakika ile ile.

Alipoinua kichwa mama akafuta uso kwa ncha ya kanga. Akasema atampigia ami Dubai avunje safari. Akasema atampigia shangazi Mwatima pia, amwambie yeye mwenyewe, pamoja na ile ya pesa. Akachukua ungo. Sisi wawili tukasimama pamoja naye, kwa mazoea, ili tumfuate popote anapokwenda, maana miezi kumi na minne Bi Jokha hakupata kutuacha chumba kimoja hata kwa muda wa kuchemsha maji. Kama si yeye alikuwa jirani, kama si jirani ilikuwa benchi la barabarani, na watu wanapita.

"Kaeni," akasema. "Zungumzeni."

Akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Tulikaa. Tulisikia anapanda ngazi, hatua kwa hatua, mpaka chumbani kwake. Nyumba ikatulia. Muhiddin akanyoosha mkono wake juu ya meza, akasita katikati, kisha akaufikisha, akaushika mkono wangu kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Ulikuwa wa moto, na mzito kuliko nilivyodhani. Sikuuondoa. Haikuwa dhambi tena, na hilo ndilo lililoniliza.